Pua ya Gari: Namna ya Kuchagua Chujio la Hewa

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa chakula wa shule, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kuniomba nizungumze, alisema tu kwamba mada ni "gari la shule". Nilipomwuliza ni jambo gani hasa juu ya gari hilo, akajibu kwa mstari mmoja: "Chujio la hewa. Yameletwa manne, na kila mtu anasifu lake." Nikakubali, kwa kuwa kazi ya injini ndiyo iliyonilisha tangu nilipotoka katika shule hii, na kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana.

Najua wako kati yetu wanaosema moyoni, "Tumesafiri siku nzima kuja kuonana na wenzetu, na sasa tunasomewa habari ya boksi la karatasi!" Ndugu zangu, tukumbuke yaliyotupata. Basi dogo lile tulilolichangia kwa miaka minne lilikaa juu ya mawe, bila injini, muhula mzima. Fundi alipoifungua injini alikuta ringi zimelika na silinda zimechunwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Gharama ya kuifufua ilitoka katika mfuko ule ule tuliokuwa tumeuwekea azimio la kuezeka bweni la tatu. Na katika muhula huo watoto wagonjwa walipelekwa hospitali ya wilaya usiku juu ya pikipiki za kukodi. Kwa hiyo hatuzungumzii karatasi. Tunazungumzia paa la bweni na usalama wa watoto.

Sasa injini ni mpya. Hapa mezani yapo machujio manne. Nitaeleza kwanza kazi ya chujio, kisha nitayapitia yote manne moja moja, na mwisho nitatoa pendekezo ili mkutano uamue.

Injini hula hewa kuliko mafuta

Watu wengi hudhani chakula cha injini ni petroli au dizeli. Kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ili kuunguza kilo 1 ya petroli sawasawa, injini huhitaji kilo 14.7 za hewa. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo huhitaji karibu kilo 11 za hewa. Hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.2 hivi kwa kila mita ya ujazo. Pigeni hesabu, ninyi wa Kidato cha Sita: kila lita 1 ya petroli humezwa pamoja na mita za ujazo 9 za hewa, yaani lita 9,000. Injini ya dizeli, kama ya basi letu, hula hewa zaidi ya hapo, maana kwa desturi yake huvuta hewa nyingi kuliko inayohitajika kuunguzia mafuta.

Kutoka kwenye lami hadi lango la shule hii ni kilometa 31 za vumbi. Kwenda na kurudi ni kilometa 62. Basi likinywa lita 10 za dizeli katika safari hiyo, tukadirie kwamba limevuta mita za ujazo 150 za hewa. Na hewa yenyewe ni ipi? Mmeiona leo wenyewe mlipokuwa mkija, kila mtu akiwa nyuma ya lori.

Basi vumbi hilo limo nini? Sehemu yake kubwa ni silika, yaani mchanga ule ule mweupe uliosagwa na magurudumu. Katika kipimo cha ugumu kiitwacho Mohs, ambacho almasi ina 10, silika ina 7, na kisu cha chuma hukaribia 5 na nusu. Hapana haja ya kueleza zaidi. Kilicho kigumu hukikwaruza kilicho laini. Silika inakwaruza chuma cha silinda, na chuma hakina la kufanya.

Mchanga mkubwa si tatizo, kwani hukamatwa kirahisi. Chembe ndogo kabisa nazo aghalabu hupita katika utando wa oili bila kugusa chuma. Wauaji ni wale wa kati, wenye upana wa mikroni 5 hadi 20. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimeta, na unywele wa kichwa chako una mikroni 70 hivi. Chembe hizo ukizishika kidoleni huzihisi hata kidogo. Lakini huingia kati ya ringi na silinda, zikasaga pande zote mbili, kisha zikateremka ndani ya oili na kuendelea kusaga beringi za chini. Kama gari lina tabo, mapanga ya tabo yanayozunguka kwa kasi kubwa nayo huliwa ncha zake.

Chujio likizidiwa, dalili huja pole pole: oili inapungua bila kuvuja, moshi wa bluu unaonekana, gari linakosa nguvu mlimani, asubuhi halitaki kuwaka. Siku unapoziona dalili hizo, ugonjwa ni wa siku nyingi.

Asilimia 99 si sawa na asilimia 97

Mnakumbuka maabara yetu, na lile somo la Kidato cha Kwanza la kutenganisha mchanganyiko? Tulikunja karatasi ya chujio, tukaiweka ndani ya faneli, tukamimina maji yenye mchanga. Aliyetoboa karatasi kwa ncha ya kalamu alipata maji machafu, hata kama tundu lilikuwa moja tu. Na aliyeimimina kando ya karatasi, hata kama karatasi yake ilikuwa nzuri, naye alipata maji machafu. Chujio la gari ni somo lile lile. Mna mambo mawili ya kuangalia: ubora wa karatasi, na kama hewa yote inapita katika karatasi.

Maabara za dunia hupima machujio ya hewa kwa kanuni ya kimataifa inayoitwa ISO 5011. Vumbi la kipimo maalumu, ambalo asili yake ni vumbi la jangwa la Arizona huko Marekani, hupulizwa kwenye chujio. Kisha hupimwa kwa mizani kiasi kilichokamatwa na kiasi kilichopita. Hapo ndipo huja zile asilimia zinazoandikwa kwenye matangazo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wanunuzi wengi huponzwa. Muuzaji anakwambia, "Hili linachuja asilimia 99, hili asilimia 97, tofauti ni ndogo, chukua la bei nafuu." Tofauti ya kinachokamatwa ni ndogo kweli. Lakini injini haiumizwi na kinachokamatwa. Huumizwa na kinachopita. La kwanza hupitisha 1 katika 100, la pili hupitisha 3. Hiyo ni mara tatu!

Tufanye mfano. Tuseme kila mita ya ujazo ya hewa ya barabara yetu ina gramu 0.1 za vumbi. Safari moja ya mita za ujazo 150 italeta gramu 15 kwenye chujio. Safari kumi, gramu 150. Chujio la asilimia 99 litapitisha gramu 1.5. La asilimia 97 litapitisha gramu 4.5, kiasi kinachokaribia kijiko cha chai. Ni nani kati yetu angekubali kumimina kijiko cha vumbi laini ndani ya injini kila baada ya safari kumi?

Jambo hili la vumbi na injini si geni duniani. Mwaka 1915 huko Minnesota, Marekani, muuza matrekta aitwaye Frank Donaldson alitengeneza chujio lake la kwanza kwa sababu ya mkulima ambaye injini yake ilikuwa ikiharibiwa na vumbi. Kampuni yenye jina lake inatengeneza machujio mpaka leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Kiingereza za Spitfire zilizopelekwa Afrika ya Kaskazini na Malta zilifungwa chujio kubwa la Vokes chini ya pua. Lilizuia mchanga, lakini lilipunguza mwendo wa ndege, na marubani wakalalamika. Hata hivyo mafundi hawakulitupa wakaacha injini imeze mchanga. Katika karakana ya Aboukir, Misri, walitengeneza jingine dogo zaidi lililopunguza kasoro hiyo. Na mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, majivu yake yaliziba machujio ya magari, na magari mengi yakazima njiani. Yaliyozibwa yalisimama, lakini chujio lililoziba hubadilishwa kwa dakika chache. Injini iliyomeza majivu ni habari nyingine.

Machujio manne mezani

Hebu sasa tuyaangalie haya manne. Kabla ya hapo nifafanue neno moja. Dukani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utasikia watu wakisema "orijino" na "feki", kana kwamba hakuna kitu cha katikati. Kuna aina tatu. Kuna spea ya mtengenezaji wa gari mwenyewe, yenye jina lake. Kuna spea ya kampuni nyingine inayouza kwa jina lake yenyewe, waziwazi. Na kuna spea bandia, inayovaa jina lisilo lake. Ya pili si dhambi. Ya tatu ni wizi.

La kwanza hapa ni la mtengenezaji wa gari. Mtaona limeandikwa namba. Machujio ya hewa ya Toyota, kwa mfano, namba zake huanza na 17801, kisha hufuata tarakimu nyingine zinazoonyesha ni la gari gani. Uzuri wake ni kwamba limepimwa kwa kasha la gari hili hili, na mpira wake unakaa barabara. Ubaya wake ni bei, na kwamba ndilo linaloigizwa zaidi na wahalifu, kwa sababu jina lake linauzika.

La pili ni la kampuni ya machujio. Ziko nyingi zenye sifa: Mann-Filter na Mahle za Ujerumani, Denso ya Japani, Donaldson niliyoitaja, na nyinginezo. Baadhi ya kampuni hizi ndizo huwatengenezea wenye viwanda vya magari. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kila chujio lisilo na jina la gari ni takataka, mwambie afanye utafiti. Bei yake aghalabu ni nafuu kuliko la kwanza. Kitu cha lazima ni kuhakikisha kwamba katika kitabu cha kampuni hiyo, namba ya chujio inalingana na injini yako hasa. Si na jina la gari tu, kwa maana gari la jina moja huweza kuwa na injini tatu na makasha matatu tofauti. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuja huku, na yapo ambayo injini zake haziuzwi sana hapa. Andika namba ya chasisi na ya injini kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

La tatu ni hili jekundu, la pamba iliyopakwa oili, ambalo ndugu yetu anayeishi ng'ambo ametuletea kwa gharama yake mwenyewe. Tumpigie makofi, maana nia yake ni njema. Chujio la namna hii lilipata umaarufu kupitia kampuni kama K&N ya California, iliyoanza mwaka 1969. Huoshwa, hukaushwa, hupakwa oili upya, na hudumu miaka mingi. Hupitisha hewa kirahisi, na ndiyo maana wapenda mashindano hulipenda. Lakini tulijadili bila kumwonea mtu haya. Kitambaa kinachopitisha hewa kirahisi sana kina kazi ngumu ya kukamata chembe za kati, zile wauaji. Usalama wake unategemea oili. Ikiwa chache, vumbi hupita. Ikizidi, hutiririka na huweza kuchafua kihisi cha hewa cha magari ya kisasa, kile chenye waya mwembamba wa moto. Na lazima liwekwe dawa yake ya kuoshea na oili yake maalumu, si oili ya injini iliyobaki kwenye kopo. Je, huku kwetu dawa hiyo itapatikana kila linapochafuka? Na katika vumbi hili litachafuka kila mara. Kwa gari la mjini linalotembea lami, na mwenyewe akawa mwangalifu, sina ugomvi nalo. Kwa basi la shule linalopita kilometa 31 za vumbi, likiendeshwa na madereva wanaobadilika, ushauri wangu ni hapana.

Wako watakaouliza, "Mbona tunaambiwa linaokoa mafuta?" Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ilijaribu magari ya kisasa kwa chujio lililoziba na chujio safi. Katika magari yale yanayodhibitiwa na kompyuta, ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichobadilika ni nguvu ya kuchomoka. Gari la zamani la kabureta, la mwaka 1972, ndilo lililookoa asilimia 2 hadi 6 lilipowekewa chujio safi. Kama basi chujio lililoziba kabisa halikuongeza ulaji katika magari ya kisasa, ni vigumu kutarajia kwamba chujio lenye kupitisha hewa zaidi ya lile safi litaupunguza. Tununue chujio ili kulinda injini. Anayetaka kuokoa mafuta na apunguze mwendo, ajaze upepo wa matairi, na aache kubeba mizigo isiyo ya lazima.

La nne ni hili lililokutwa ndani ya injini iliyokufa. Sitataja duka lililoliuza. Tumekuja kujifunza, hatukuja kushitaki. Litazameni. Boksi lake ni zuri, lina jina kubwa. Lakini weka mkono: karatasi ni nyepesi kama ya daftari. Mikunjo yake imeachana upande mmoja na kubanana upande mwingine. Hesabuni: lile la kwanza lina mikunjo mingi zaidi katika urefu ule ule. Mikunjo ikipungua, eneo la kuchujia linapungua, na chujio linaziba upesi. Na hapa pembeni, mpira ni mgumu na umepungua milimeta kadhaa. Tazameni alama hii ya kahawia iliyopita juu ya mpira kama njia ya siafu. Hiyo ndiyo njia ya vumbi. Hewa haikuhangaika kupita katika karatasi wakati kuna mlango wazi ubavuni. Ni yule kijana wa maabara aliyemimina maji kando ya faneli.

Namna ya kulikagua dukani

Basi mtu asiye fundi atatambuaje? Nimeandika mambo sita, na Katibu ameyapigisha chapa ili kila mmoja aondoke na nakala.

Kwanza, nenda na chujio la zamani mkononi. Yaweke mawili juu ya meza, moja kando ya jingine. Urefu, upana, kimo, na umbo la mpira vilingane. "Linakaribiana" si jibu.

Pili, bonyeza mpira kwa kidole. Uwe laini, urudi wenyewe, usiwe na maungio yaliyopasuka.

Tatu, angalia mikunjo. Iwe sawasawa, imesimama wima, na gundi imeishika pande zote. Ukiona gundi imekatika, rudisha.

Nne, washa tochi nyuma yake. Mwanga hafifu, ulio sawa kila mahali, ni kawaida. Nukta inayong'aa kama nyota ni tundu.

Tano, soma maandishi ya boksi na ya chujio lenyewe. Namba zilingane. Tahajia ya jina iwe sahihi. Bei ikiwa ndogo mno kwa chujio la jina kubwa, jiulize ni nani anayelipia tofauti.

Sita, dai risiti yenye namba ya chujio. Muuzaji mwaminifu haogopi risiti. Ukigundua ni bandia, hapa Tanzania iko Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko ya bidhaa bandia, na liko Shirika la Viwango lililoundwa mwaka 1975. Tusipopeleka taarifa, wenzetu watauziwa kesho.

Baada ya kulifunga

Chujio bora likifungwa vibaya ni sawa na chujio bovu. Kasha lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuweka jipya. Klipu zote zifungwe. Nimeona magari yenye klipu mbili kati ya nne. Mpira wa bomba kati ya kasha na injini ukaguliwe, kwani ufa mdogo pale hupitisha hewa ambayo haijachujwa hata kidogo. Baada ya wiki mbili, fungua bomba hilo upande wa injini, pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka cheupe, mshukuru Mungu. Kikitoka chekundu kama udongo wetu, simamisha gari.

Sasa nizungumze na dereva wetu, ambaye yupo hapa nasi, na ambaye ni mtu wa bidii. Bwana dereva, wewe huwa unalipuliza chujio kila Jumamosi kwa upepo wa gereji, kama ulivyofundishwa. Naomba tuiache desturi hiyo, na sababu yake si lawama. Chujio la karatasi likiwa jipya kabisa huchuja vibaya kidogo kuliko linapokuwa limetumika kidogo. Vumbi la kwanza linalonata juu ya karatasi hugeuka kuwa chujio la pili. Ukilipuliza kila wiki, unaliondoa hilo la pili. Zaidi ya hayo, upepo wa gereji una nguvu ya baa 7 au 8, na hupasua karatasi matundu yasiyoonekana. Watengenezaji wa machujio ya magari makubwa wanaoruhusu kupuliza husema upepo uwe mdogo, aghalabu baa 2 hivi, ukipulizwa kutoka upande safi kuelekea upande mchafu. Kuligonga chini kama kung'uto nako hupinda ukingo wake. Kuliosha kwa sabuni ndiyo kuliua. Na kama gari lina chujio la pili la ndani, lile dogo la usalama, hilo halipulizwi wala haligongwi, hubadilishwa tu.

Wazee wenzangu watakumbuka Land Rover za zamani zenye chujio la bakuli la oili. Lile tulilimwaga tope, tukaliosha, tukatia oili mpya hadi kwenye alama, likaendelea na kazi. Ndiyo asili ya imani kwamba kila chujio lafaa kuoshwa. Kwa lile ilikuwa sahihi. Karatasi haina tabia hiyo. Dawa ya mzee haipewi kila mgonjwa.

Mwisho, tusifuate kilometa za kitabu bila kutazama barabara. Kitabu cha gari huweka muda mmoja kwa barabara nzuri na muda mfupi zaidi kwa barabara za vumbi. Sisi ni watu wa ule mfupi. Magari mengine, hasa ya kazi, yana kiashirio kidogo karibu na kasha kinachogeuka chekundu chujio linapoziba. Kikiwapo, kitumike. Kadhalika, tusimfuate kwa karibu mwenye gari la mbele. Dakika mbili za kusubiri vumbi litulie ni chujio la bure.

Pendekezo

Ndugu Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano mapendekezo manne.

Moja: basi la shule litumie chujio la karatasi, la mtengenezaji wa gari au la kampuni ya machujio yenye sifa, lipatikanalo kwa namba sahihi. Kati ya hayo mawili, tuchague tunaloweza kulinunua kila linapohitajika. Chujio zuri la nafuu linalobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko la ghali linaloachwa mwaka mzima kwa sababu hatuna fedha.

Mbili: tununue mawili kila mara. Moja lifungwe, moja likae stoo kwa Bwana Mlezi, ndani ya boksi lake, mahali pakavu pasipo panya. Dereva aliye umbali wa kilometa 31 kutoka kwenye lami hawezi kuvumilia hadi Jumatatu.

Tatu: liwepo daftari. Tarehe, kilometa, namba ya chujio, sahihi ya aliyelifunga. Injini ile ya kwanza haikuwa na daftari, na ndiyo maana hakuna awezaye kusema chujio lile liliingia lini.

Nne: chujio jekundu la ndugu yetu lisitupwe wala lisirudishwe kwa fedheha. Wapewe walimu wa fizikia, pamoja na hili bovu, yakae maabara. Wadogo zetu wayakate, wayapime, wapitishe vumbi kwa mashine ya kufagilia, walinganishe kwa mizani. Wataelewa asilimia vizuri kuliko mimi nilivyoeleza leo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu sisi ulikuwa upana wa milimeta chache, pembeni mwa mpira, na ukuta tumekwisha kuujenga mara moja kwa fedha za bweni. Tusiujenge mara ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kukaa, na niko tayari kwa maswali. Machujio haya manne mnaruhusiwa kuyashika; yale mawili ya karatasi yaliyo mapya shikeni kwa kingo tu, maana moja kati yake linafungwa kesho asubuhi.